Karafuu: Siku chache zinazoamua mafuta na bei

KARAFUU hupimwa kwa kilo kwenye mizani ya kituo cha ununuzi, lakini mnunuzi wa mwisho, awe mtengenezaji wa dawa ya meno, wa manukato au wa viungo vya chakula, halipii uzito. Hulipia mafuta yaliyomo ndani ya ile kofia ndogo ya duara na shina lake. Mafuta hayo hayawi sawa mwaka mzima, wala hayawi sawa katika wiki mbili zinazofuatana. Yanaongezeka, yanafika kilele, kisha yanaanza kupungua, na kipindi cha kilele ni kifupi. Mkulima wa Pemba anayekosea kipindi hicho hupoteza fedha ambayo hata ruzuku ya mbolea haiwezi kuirudisha.

Suala la wakati wa kuchuma limekuwa likitajwa katika kila msimu visiwani Zanzibar, lakini mara nyingi limetajwa kama suala la nidhamu: mkulima anaambiwa asichume karafuu changa, asianike barabarani, asiuze kwa magendo. Ukilitazama kwa undani, hata hivyo, ni suala la uchumi. Mkulima hachumi mapema kwa sababu hajui. Anachuma mapema kwa sababu mfumo unaomzunguka humlipa zaidi akifanya hivyo, au angalau humtia hofu asipofanya hivyo.

Kilichomo ndani ya karafuu

Karafuu inayouzwa sokoni si tunda wala si mbegu. Ni ua ambalo halijachanua. Mkarafuu hutoa mashada ya vichomozo vya kijani, ambavyo huchukua miezi kadhaa kunenepa. Rangi huanza kugeuka kutoka kijani kibichi kwenda manjano, kisha waridi, na hatimaye wekundu hutokea kwenye shina la ua. Hapo kofia yake bado imefungwa. Zikipita siku chache, kofia hiyo hufunguka, petali huanguka na nyuzi za ua hujitokeza. Ua likisharutubishwa hugeuka kuwa tunda la rangi ya zambarau iliyokolea, ambalo wafanyabiashara wa dunia hulijua kwa jina la karafuu mama.

Mafuta yamehifadhiwa katika vifuko vidogo sana vilivyo chini ya ganda la ua. Karafuu kavu iliyochumwa wakati wake hutoa mafuta yanayofikia kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake, kiwango ambacho ni mimea michache sana duniani inayokikaribia. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu ukali wake na inayotumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu. Iliyobaki ni asetati ya yujenili, yenye harufu laini zaidi, pamoja na kariofilini na viambato vingine vidogo vidogo.

Uwiano wa viambato hivyo hubadilika kadiri ua linavyokua. Ua changa lina mafuta machache. Likifikia urefu wake kamili, kabla ya kofia kufunguka, mafuta huwa katika kiwango cha juu. Likishachanua mafuta hupungua, na tunda lililoiva hubaki na mafuta kidogo sana ikilinganishwa na ua. Hivyo basi, ile methali ya mvumilivu hula mbivu haimfai mchuma karafuu. Karafuu ikiiva imekwisha kuharibika kibiashara.

Ugumu unatokana na mti wenyewe. Mashada ya mkarafuu mmoja hayakomai kwa pamoja, na hata maua ya shada moja hupishana. Upande unaopata jua zaidi unaweza kuwa tayari wakati upande wa pili ungali kijani. Anayetaka mafuta mengi analazimika kuurudia mti mmoja mara kadhaa katika msimu, akichagua mashada yaliyogeuka rangi na kuyaacha mengine. Kila mzunguko ni gharama ya kibarua, kamba na muda. Anayetaka kumaliza haraka huchuma kila kitu kwa mara moja, na ndani ya pakacha moja huingia karafuu changa, karafuu zilizokomaa na zilizokwisha kuchanua.

Hesabu ya mkulima

Hasara ya kuchuma mapema humwangukia mkulima kabla hata mafuta hayajapimwa. Kwa kawaida karafuu mbichi iliyokomaa hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake ikianikwa, yaani kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu. Karafuu changa ina maji mengi zaidi na hunyauka zaidi.

Chukua mfano wa mkulima mwenye kilo 300 za karafuu mbichi. Zikiwa zimekomaa atabaki na kilo 100 kavu. Zikiwa changa, tuseme zinahitajika kilo nne kupata kilo moja, atabaki na kilo 75. Kwa bei ya Sh14,000 kwa kilo, ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) lililipa kwa daraja la kwanza kwa misimu kadhaa katika miaka ya 2010, tofauti hiyo ni Sh350,000. Hapo haijahesabiwa kwamba karafuu changa, ikikauka huwa nyembamba na iliyokunjamana, na ni vigumu kupewa daraja la kwanza.

Kwa upande wa mafuta pengo ni kubwa zaidi. Ikiwa karafuu zilizokomaa zina asilimia 18 ya mafuta na zile changa zina asilimia 14, basi shehena ya kwanza ina kilo 18 za mafuta na ya pili ina kilo 10 na nusu tu, ingawa zote mbili zimetokana na kilo 300 zilezile zilizoteremshwa mtini. Huu ni mfano wa hesabu, lakini unaonyesha kwa nini wanunuzi wakubwa hupeleka sampuli maabara kabla ya kukubaliana bei.

Kwa nini basi huchumwa mapema?

Swali la msingi ni kwa nini mkulima mwenye akili timamu akubali hasara ya namna hiyo. Sababu ziko angalau nne, na kila moja ina mantiki yake.

Ya kwanza ni ukodishaji. Visiwani Zanzibar kuna desturi ya muda mrefu ya mwenye shamba kukodisha mikarafuu yake kabla ya mavuno, mara nyingi kwa sababu ana shida ya fedha ya chakula, ada ya shule au matibabu. Aidha, baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa Serikali, na mikarafuu mingi imekuwa ikikodishwa kwa wananchi kwa msimu. Aliyekodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kuuhurumia mti. Anachotaka ni kurudisha fedha yake na kupata faida kabla muda wake haujaisha. Kwake, kuvunja tawi ili kulifikia shada la juu ni njia ya mkato, na shada changa atakaloliacha leo huenda likachumwa na mwingine kesho.

Ya pili ni wizi. Shamba lisilolindwa likionyesha wekundu huvutia mikono ya watu. Mwenye shamba anayelala mbali na shamba lake hujiona heri achume karafuu ya kijani kuliko kukuta mashada matupu.

Ya tatu ni upungufu wa wachumaji. Mkarafuu mkubwa unafika urefu wa mita 10 na zaidi, na kazi ya kuupanda ni ya hatari. Kila msimu kuna watu wanaoanguka, wengine wakipata ulemavu wa maisha. Katika miaka ya mavuno makubwa mahitaji ya wachumaji yamekuwa makubwa kiasi kwamba shule za Pemba zimewahi kufungwa ili wanafunzi wasaidie kuchuma. Mkulima akiwapata wachumaji leo hawezi kuwaambia warudi baada ya siku tano, kwani baada ya siku tano watakuwa shamba jingine.

Ya nne ni namna ya malipo. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Kadiri anavyojaza pishi nyingi ndivyo anavyopata zaidi, bila kujali ndani ya pishi kuna nini. Malipo ya aina hiyo humfanya mtu awe na kasi, hayamfanyi awe mchaguzi.

Kwa upande mwingine wapo wanaochelewa. Sababu hapo huwa ni mvua, kukosa fedha za kulipa wachumaji, au mavuno kuzidi nguvu kazi iliyopo. Mkarafuu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika miaka inayofuata. Mwaka wa mavuno makubwa ndio mwaka ambao maua mengi huachwa mtini hadi yanachanua. Kwa maneno mengine, mwaka ambao kisiwa kingepata mafuta mengi ndio mwaka ambao mengi hupotea.

Saa baada ya kuchuma

Wakati wa kuchuma hauishii mtini. Karafuu iliyochumwa ikiwekwa kwenye gunia au lundo usiku kucha huanza kupata joto na kuchacha. Ikija kuanikwa hutoka ikiwa imepauka na kukunjamana, na harufu yake huwa na uvundo. Viwango vya kimataifa vya karafuu, vinavyojulikana kama ISO 2254, huweka ukomo wa karafuu za aina hiyo ndani ya shehena, kama vinavyoweka ukomo wa karafuu zisizo na kofia, karafuu mama, makonyo na taka. Kila kimoja kati ya vitu hivyo ni ushahidi wa wakati uliokosewa: karafuu isiyo na kofia mara nyingi ni iliyochelewa au iliyoanikwa vibaya, karafuu mama ni iliyosahauliwa mtini, na iliyopauka ni iliyosubiri kuanikwa.

Kwa utamaduni wa Pemba na Unguja, familia hukaa jioni kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, ili asubuhi zianikwe juu ya majamvi. Jua likiwa zuri karafuu hukauka kwa siku nne hadi wiki moja. Kipimo cha mkulima ni kuivunja kwa vidole: ikikatika kwa mlio, imekauka. Kuianika juu ya lami, jambo ambalo limekuwa likikatazwa kila msimu, huichanganya na vumbi, mchanga na mafuta ya magari, na mnunuzi wa mafuta safi hawezi kuvumilia harufu ya dizeli ndani ya bidhaa ya manukato.

Makonyo na majani

Wakati karafuu yenyewe huuzwa zaidi ikiwa nzima, makonyo yake ndiyo yaliyojenga sekta ya mafuta Pemba. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, kimekuwa kikikamua kwa mvuke makonyo ambayo zamani yalionekana kama takataka. Makonyo yana mafuta machache kuliko karafuu, takribani asilimia 5 ya uzito, lakini yujenoli ndani yake ni nyingi, ikikaribia au kuvuka asilimia 90. Kwa sababu hiyo mafuta ya makonyo hutafutwa na viwanda vya kemikali na ladha, wakati mafuta ya karafuu yenyewe hupendwa zaidi na watengenezaji wa manukato.

Majani nayo hutoa mafuta, asilimia mbili au tatu hivi. Hapa ndipo Madagaska inapotoa funzo. Nchi hiyo, mojawapo ya wazalishaji wakubwa wa karafuu pamoja na Indonesia, ni msafirishaji mkubwa wa mafuta ya majani ya mkarafuu yanayokamuliwa vijijini katika pwani yake ya mashariki. Majani yanaweza kukatwa wakati wowote fedha inapohitajika, na hilo ndilo linalowavutia wakulima wadogo. Lakini mti unaokatwa matawi mara kwa mara hautoi maua mengi. Mkulima anayekata majani miezi ya njaa anaweza kuwa anakula mavuno ya msimu ujao. Pemba ikitaka kupanua ukamuaji wa majani, haina budi kuamua mapema ni miti ipi itolewe majani na ni ipi iachiwe maua, na itumie zaidi majani yaliyoanguka na matawi yanayopogolewa.

Funzo la langilangi na mchaichai

Karafuu si zao pekee linalotawaliwa na saa. Visiwa vya Komoro, jirani wa Waswahili kwa biashara na kwa damu, ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani wa mafuta ya mlangilangi. Ua la mlangilangi huanza likiwa la kijani na hugeuka manjano, na wachumaji wake, ambao wengi ni wanawake, hutafuta alama ndogo nyekundu katikati ya ua kabla ya kulichuma. La kijani hutoa mafuta machache na yasiyo na harufu kamili. Maua huchumwa alfajiri na asubuhi, kabla jua halijayachosha, na hupelekwa kwenye mtambo siku hiyohiyo kwa kuwa yakibanwa na kulala huharibika.

Kilichowasaidia Wakomoro kushika nidhamu hiyo ni bei. Mafuta ya langilangi hugawanywa katika madaraja kufuatana na saa za ukamuaji: yanayotoka mwanzoni huitwa ekstra na huuzwa ghali kwa viwanda vya manukato, na yanayofuata hushuka daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mkamuaji anajua kwamba ua baya litampunguzia ekstra, kwa hiyo ana sababu ya kulikataa mlangoni.

Hali ni hiyohiyo kwa mchaichai, zao ambalo wakulima wadogo wengi wa Afrika Mashariki wameanza kuliangalia kwa ajili ya mafuta. Mmea huu huvunwa mara ya kwanza miezi minne hadi sita baada ya kupandwa, kisha kila baada ya miezi michache. Majani yakiachwa hadi yazeeke, uzito huongezeka lakini mafuta kwa kila kilo hupungua. Anayeuza majani kwa uzito atayaacha yakue, anayeuza mafuta atayakata mapema. Mmea ni mmoja, lakini namna ya kulipwa ndiyo inayoshika panga.

Bei ndiyo mwalimu

Historia ya Zanzibar yenyewe inathibitisha kwamba mkulima huitikia bei. Karafuu iliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan ikaenea haraka. Baada ya dhoruba ya 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo ghala la zao hilo. Kwa miongo mingi baada ya ZSTC kuanzishwa mwaka 1968, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa chini mno ya ile ya soko la dunia, na sehemu kubwa ya karafuu ilivuka usiku kwa mashua kwenda Kenya. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoipandisha bei zaidi ya maradufu, karafuu zilirudi vituoni.

Kama bei iliweza kupunguza magendo, inaweza pia kusogeza siku ya kuchuma. Kinachotakiwa ni bei iseme wazi kile inachokitaka. Madaraja ya sasa hutegemea jicho la mpimaji: rangi, usafi, ukavu, kofia. Vigezo hivyo ni vizuri, kwa kuwa karafuu yenye kofia na mwili ulionona kwa kawaida ndiyo yenye mafuta. Hata hivyo, jicho haliwezi kupambanua karafuu yenye asilimia 15 na yenye asilimia 19, na mkulima aliyesubiri siku tano zaidi hapati chochote cha ziada kwa subira yake.

Kupima mafuta si jambo la miujiza. Chombo cha kioo cha maabara kinachochemsha sampuli na kukusanya mafuta yake hutoa jibu ndani ya saa chache. Si lazima kila gunia lipimwe. Sampuli za kila kituo, zikipimwa kila wiki na matokeo yake kubandikwa ukutani na kusomwa redioni, zingemwambia mkulima wa Wete, Micheweni au Mkoani ni lini karafuu za eneo lake zimefika kileleni. Kituo chenye wastani wa juu kingeweza kupewa nyongeza ya bei, na wakulima wenyewe wangeanza kulindana.

Pili, mikataba ya kukodisha mikarafuu ya Serikali ingefaa iwe ya miaka kadhaa badala ya msimu mmoja, ili aliyekodi aone faida ya kuutunza mti na kuurudia. Tatu, mchumaji anaweza kulipwa kwa pishi na kuongezewa kidogo kwa pishi iliyochaguliwa vizuri, kwa kuwa mkono wake ndio wa kwanza kuamua kiasi cha mafuta. Nne, mkopo mdogo wa kabla ya mavuno, unaokatwa kituoni wakati wa kuuza, ungempunguzia mkulima ulazima wa kukodisha shamba au kuchuma kijani kwa ajili ya ada ya mtoto. Sheria ya karafuu ya mwaka 2014 iliweka msingi wa kuliendeleza zao hilo. Eneo la fedha za kabla ya mavuno ni mahali pazuri pa kuutumia msingi huo.

Wapo watakaosema kwamba wanunuzi wengi wa karafuu ya Zanzibar huitaka ikiwa nzima, kwa ajili ya viungo au sigara za kreteki za Indonesia, na hivyo mafuta si hoja. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Karafuu nzima hununuliwa kwa sura, lakini sura inayopendwa, yaani ua lililonona, lenye kofia na rangi ya kahawia inayong'aa, ndiyo sura ya karafuu iliyochumwa ikiwa na mafuta mengi. Soko la mafuta na soko la karafuu nzima yote yanataka siku ileile.

Indonesia ina miti mingi zaidi na Madagaska ina nguvu kazi kubwa. Zanzibar haiwezi kuzishinda kwa wingi wa tani, wala haina ardhi ya kujaribu. Inachoweza kushindania ni ubora wa kila kilo, na ubora huo hauhitaji mbegu mpya wala mtambo wa mabilioni. Unahitaji shada liachwe mtini hadi lione wekundu, lichumwe kabla kofia haijafunguka, na mwenye kusubiri alipwe kwa kusubiri kwake. Mpaka hapo bei itakapomlipa, hakuna semina itakayomzuia mwenye njaa kuchuma kijani.